Pembe ya Wanjala

Siku ya kupima pembe tulikuwa watu watano kwenye lile boma la Kiminini, na nitawataja wote, kwa sababu mtu asipotajwa ni kama hakuwepo. Alikuwepo Chelagat, mwenye shamba, mjane. Marehemu mume wake ndiye aliyepewa ruhusa na serikali ya kulea pongo waliofiwa na mama zao. Alikuwepo Zuhura wa karibu na msikiti pale Kitale, mwuza viazi vitamu, ambaye alituletea majani ya viazi bila kudai kitu. Yeye na mimi tulijuana siku watoto wetu walipougua surua wakalazwa wodi moja, mimi na Nafula wangu, yeye na Saidi wake. Alikuwepo Barasa, afisa wa wanyama pori, kijana wa jirani yangu Nasimiyu wa Tongaren. Huyo nilimbeba siku aliyozaliwa, ndiyo maana hata akivaa sare na buti siwezi kumwogopa. Nilikuwepo mimi, mkata majani. Na alikuwepo yeye, Mlishaji.

Jina lake nalijua. La baba yake nalijua, hata la mbwa wake wa kwanza. Lakini aliniambia, "Mama Nafula, ukija kusimulia mambo ya hapa, taja wanyama. Mimi niache." Basi nimemwacha. Sisi sote tulimwita Mlishaji, na watoto wa shule waliokuja kutazama wanyama walimwita hivyo hivyo.

Kwa asiyemjua pongo: ni mnyama wa kichakani, jamii ya swala, kama mbuzi mkubwa hivi, mwekundu kama udongo wetu, na ubavuni ana madoa meupe kama mtu alimnyunyizia unga. Dume peke yake ndiye mwenye pembe. Akianza kubalehe rangi inageuka kuwa nyeusi nyeusi, shingo inanenepa, anasugua vichaka kwa kichwa, halafu siku moja anabweka kama mbwa na wewe unaruka ukitafuta mbwa. Mlishaji alizisubiri dalili hizo kama sisi wengine tunavyosubiri mahindi yatoe ndevu. Kila asubuhi aliangalia, na kila asubuhi alisema, "Bado. Tusimharakishe."

Alikuwa mtu mfupi. Kofia yake ilimfika Chelagat begani. Watu wa Kiminini walimtania, "Mlishaji, wewe mbona hukujilisha?" Yeye alijibu bila kukasirika, "Mimi sikunyimwa na Mungu, bana. Nilinyimwa na mwaka." Alizaliwa wakati wa njaa, hilo tu ndilo alilosema juu ya kuzaliwa kwake, na mimi sikuchimba zaidi.

Alikuwa na nguzo yake. Aliichimbia chini pembeni mwa boma, akaitia alama za rangi nyeupe toka chini hadi juu, na chini yake akaweka jiwe la chumvi ya mifugo. Pongo hakubali kushikwa. Ukimshika anaweza kufa kwa hofu mikononi mwako. Lakini chumvi ataifuata. Akija kulamba anasimama sawasawa kando ya nguzo, na Mlishaji akichungulia kwenye tundu la ukuta anajua bega limepanda alama ngapi na pembe imefika wapi. Hakuna kamba, hakuna kelele. Alikuwa akisema, "Mimi siwapimi. Wao wanakuja kunionyesha."

Tena alikuwa na amri moja: pongo hali akitazamwa. Ukishaweka majani unageuka, unampa mgongo, unatazama kwingine mpaka usikie anatafuna. Nilidhani ni masharti ya mzee tu, mpaka nilipoona kwamba kweli, wanyama walionona zaidi ni wa upande ambao hakuna mtu anapita. Siku moja alikuja mheshimiwa na watu wake wenye viatu vya kung'aa. Mlishaji akawageuza wote, mheshimiwa na msaidizi wake na mpiga picha, wakasimama wameangalia ukuta wa choo. Chelagat alikuwa anakufa kwa aibu. "Mlishaji, si uwaache tu!" Akasema, "Wakitaka waone mnyama, watulie wasikie kwanza."

Mwenyewe sasa, huyo bwana aliyejua kila mnyama anahitaji majani gani, aliishi kwa chai ya rangi. Alijua kuwa kaliandra, ule mti wa malisho, inajenga nyama na majani ya viazi yanaongeza maziwa ya mama. Lakini ukimwuliza, "Mzee, umekula?" jibu lilikuwa lile lile: "Nimekula." Uongo mtupu. Sufuria yake ilikuwa inaning'inia ukutani, kavu. Ukimpelekea chakula alikipokea kwa mikono miwili, akakiweka, akangoja uondoke. Na mtu huyo huyo aliyedanganya kila mchana juu ya tumbo lake, juu ya alama za nguzo hakudanganya hata mara moja. Nilimwona akifuta alama aliyoandika kwenye daftari kwa sababu, ati, mnyama alikuwa amesimama juu ya kinyesi akaonekana mrefu.

Alikataa pia tuwape wanyama majina. "Ukimpa jina utamlia," alisema. Sisi tukawapa, na yeye ndiye aliyeyatumia kuliko wote.

Hapo ndipo wanaingia Wekesa na Wanjala. Ni madume wawili wa baba mmoja, waliozaliwa mle mle bomani na majike tuliowalea. Wa kwanza alizaliwa mahindi yakiwa yanavunwa, mama yake amekula vizuri, majani kila mahali, basi tukamwita Wekesa, kama tunavyowaita watoto wa mavuno. Wa pili alizaliwa miezi mitatu baadaye, kiangazi kikali, kaliandra imebaki vijiti, mama yake mbavu zinahesabika. Maziwa yalikuwa machache. Tukamwita Wanjala, kama tunavyowaita waliozaliwa njaa ikiwa nyumbani.

Wekesa alipotimiza mwaka tayari alikuwa na pembe za kuringia. Wanjala alipotimiza wake alikuwa na vinundu viwili tu chini ya ngozi, na mwili wa mtoto. Wageni walisema, "Huyu ni jike." Mtu mmoja akasema, "Huyu ni mbegu mbaya," na hiyo ndiyo siku niliyomwona Mlishaji amekasirika hasa. Aliweka chini kikapu cha majani. "Baba yake Wekesa ni nani? Na wa huyu ni nani? Si yule yule? Sasa mbegu imeharibikaje njiani? Pembe inaanza kuota tumboni mwa mama, bwana. Mama akikosa, mtoto anachelewa. Njaa inachelewesha tu. Kuchelewa si kuharibika."

Nilimwuliza baadaye kama Wanjala atamfikia Wekesa. Akafikiri. "Kumfikia, hapana. Kiasi fulani kimeshapotea. Lakini kuwa dume kamili, atakuwa, tukimlisha na tukimngoja. Watu hulisha. Kungoja ndiko kunawashinda."

Barasa alikuja Wanjala akiwa na mwaka na miezi mitatu. Akachungulia kwenye tundu, akavua kofia, nikajua ni habari mbaya. Yule mtoto tangu alipokuwa mdogo akitaka kusema jambo zito anagusa kichwa.

"Mzee, hapa kuna nafasi ya dume mmoja," akasema. "Wekesa anabaki. Huyu anapaswa kwenda msituni. Lakini nikimpeleka akiwa hivi, bila pembe, bila mwili, madume wa kule watamuua kwa wiki moja. Nikimwacha hapa, Wekesa atamuua. Afadhali sindano. Hatasikia uchungu."

"Nipe muda," Mlishaji akasema.

"Muda wa nini? Ana umri tayari."

"Wewe unahesabu miezi. Mimi nahesabu majani. Kwa majani, huyu bado ana miezi minane."

Barasa akanitazama mimi, nami nikamtazama kama nilivyokuwa nikimtazama alipoiba miwa yangu. Akasema sawa, miezi sita. Pembe zikifika ncha ya sikio, ataenda msituni kama dume. Zisipofika, atakuja na sindano.

Tukagawanya boma kwa ukuta wa miti ili Wekesa asimsumbue. Zuhura aliposikia, badala ya kuja Ijumaa tu akaanza kuja mara tatu kwa wiki, gunia la majani ya viazi mgongoni mwa pikipiki. "Huyu mtoto wenu wa kiangazi ananimalizia mafuta," alisema, na alileta hivyo hivyo. Mimi nilikata kaliandra asubuhi ikiwa na umande. Pembe zikatoboa ngozi. Mwezi wa kwanza ukucha, wa pili kidole. Mlishaji hakucheka, lakini alianza kupiga mluzi.

Sasa nifike kwenye kosa langu.

Mimi ni mtu wa Tongaren. Kwetu mtoto akikonda anapewa uji wa mahindi, mama aliyejifungua anapewa uji, mgeni anapewa ugali, na mtu aliyekula wali na nyama na chapati bila ugali husema hajala. Nilimwangalia yule mnyama akitafuna majani, majani, majani, nikasema moyoni, jamani, huyu atapata nguvu lini? Wafula, mume wangu marehemu, ng'ombe wake wa kulima aliwatia nguvu kwa mahindi. Basi nikaanza kumletea Wanjala mahindi yaliyovunjwa, nimeficha kwenye leso. Siku ya kwanza mkono mmoja. Alipenda! Siku ya pili mikono miwili. Siku ya tatu Mlishaji alikuwa ameenda Kitale kununua chumvi, nikampa nusu gorogoro nzima, kilo moja kamili, nikampa mgongo kama nilivyofundishwa, nikamsikia akitafuna, nikafurahi.

Mchana wa siku iliyofuata nikamkuta amelala, tumbo limevimba upande wa kushoto, anasaga meno. Mlishaji alikuwa amepiga magoti kando yake. Pongo asiyekubali kushikwa, siku ile alishikika. Hiyo ndiyo ilinitisha.

"Mama Nafula," akasema bila kugeuka. "Amekula nini?"

"Mahindi."

"Kiasi gani?"

"Nusu gorogoro."

Nilingoja anitukane, ingekuwa rahisi zaidi. Akasema, "Nawa mikono uje unishikie kichwa chake."

Alikoroga magadi kidogo kwenye maji, akamnywesha kwa chupa, polepole, matone kwa matone, kichwa cha yule mnyama kiko mapajani mwangu na moyo wake unapiga kama cherehani. Huku akifanya hivyo akanieleza, kama mtu anavyomweleza mtoto. "Tumbo la pongo ni kama chungu cha pombe ya busaa. Limezoea majani, linayachachusha taratibu. Ukimwaga unga mwingi kwa mara moja, chungu kinafurika. Chakula kizuri kwa ng'ombe wa Wafula ni sumu kwa huyu."

Siku tano hakula kitu cha maana. Siku ya sita akachukua jani moja la kiazi. Mlishaji aliketi juu ya debe na kufuta uso kwa kofia. Kwenye daftari aliandika: ameumwa tumbo. Hakuandika mahindi. Hakumwambia Chelagat wala Zuhura. Mimi nilijua, yeye alijua. Na pembe zikasimama. Wiki baada ya wiki, alama ile ile. Kisha zikaanza tena, lakini siku zilikuwa zimekwenda.

Ndipo ikafika siku ile ya watu watano. Chelagat, Zuhura na mimi tuligeuka, tukaangalia ukuta wa choo. Barasa alichungulia kwenye tundu, Mlishaji karibu naye. Mkoba wa Barasa ulikuwa begani, na kila mmoja wetu alijua ndani yake kuna nini. Tukasikia Wanjala akija, kwato zake nyepesi, kisha ulimi kwenye chumvi.

Halafu, kabla hata Barasa hajafungua mdomo, Mlishaji akasema, "Imepungua kidole kimoja."

"Ai, mzee!" Zuhura akasema akiwa bado anatazama ukuta. "Nani alikuuliza wewe?"

"Nguzo imeniuliza."

Kwa pembe ya jicho nikamwona Barasa anagusa kichwa. "Mimi niliona kama imefika," akasema taratibu. Alikuwa anampa mlango, yule kijana, Mungu ambariki.

"Haijafika," Mlishaji akasema. "Angalia tena."

Kwa jicho lile lile nikamwona Barasa anaangalia tena, nikaona bega lake linashuka, mkono unaenda kwenye mkoba. Hapo nikageuka. Nilivunja amri ya boma, nikageuka.

"Barasa, mwanangu. Hicho kidole nilikila mimi."

"Nini, kukhu?" Alisahau sare, akaniita kukhu, bibi, kama zamani.

Nikasema yote. Leso, mahindi, nusu gorogoro, tumbo, magadi. Chelagat alishika mdomo. Zuhura akasema, "Wewe! Na mimi nabeba magunia!" Mlishaji alikuwa anatazama chini, sijui alinionea haya mimi au daftari lake.

"Ni kweli, mzee?"

"Ni kweli. Pembe yenyewe itakwambia. Chukua darubini, usitazame ncha, tazama karibu na kichwa. Unaona mkunjo, kama pete?"

"Naona."

"Pembe huota kutoka shinani. Ile pete ndiyo siku alizoumwa. Kilicho juu ya pete ni cha kabla. Kilicho chini, kati ya pete na kichwa, ni cha baada. Linganisha unene."

Barasa alikaa na ile darubini mpaka Zuhura akaanza kuguna. "Chini ni nene zaidi," akasema. "Inaota kwa nguvu."

"Basi mnyama si mbovu. Alicheleweshwa mara mbili, mara moja na kiangazi, mara moja na mapenzi."

Barasa alifunga mkoba. Akaniambia, "Kukhu, miezi mitatu tena. Na ukimwonyesha hata punje moja, nitakufunga wewe." Nikamwambia anifunge na Nasimiyu mama yake pia, ndiye aliyenifundisha kupika uji. Tukacheka wote, isipokuwa Mlishaji. Alikuwa amerudi kwenye tundu.

Mwezi wa pili pembe zilipita sikio. Rangi ikawa nyeusi mgongoni. Asubuhi moja nikiwa nakata kaliandra nilisikia mbwa anabweka ndani ya boma, nikashika fimbo, nikakimbia, nikamkuta Mlishaji amesimama kwenye tundu, kofia mkononi. "Weka fimbo," akasema. "Ni kijana wetu."

Siku Barasa alipokuja na gari la kumpeleka msituni, karibu na bwawa moja, Mlishaji hakutoka kumuaga. Alikuwa nyuma anaosha birika la maji ambalo alikuwa ameliosha jana yake.

Sasa amezeeka, mimi pia. Yuko Matulo, kwa mwanawe, na anayemtunza ni Nekesa, mke wa mwanawe, msichana mpole. Nekesa alinipigia simu mwaka huu. "Mama, mzee hali. Daktari amempima, ati hakuna ugonjwa, ni uzee tu, lakini asipokula atatuacha. Ukimwuliza anasema amekula."

Nikaenda na kunde zilizopikwa kwa maziwa na ugali wa wimbi. Nilimkuta kwenye kiti nje ya mlango, amekuwa mdogo kuliko zamani, kofia ile ile. Nekesa alikuwa ameketi mbele yake, sahani mkononi, akimtazama mdomo kwa huruma, na mtoto wake amesimama upande huu, na jirani upande ule. Nikaelewa mara moja.

Kwanza nilimpa habari. Barasa alikuwa amenipigia: Wanjala ameonekana kule msituni, dume jeusi kubwa, yuko na jike, na nyuma ya jike mtoto.

Macho yake yakanigeukia. "Mtoto amezaliwa mvua au kiangazi?"

"Mvua. Majani yako mengi, Barasa amesema."

"Mama yake mbavu zinaonekana?"

"Hazionekani."

"Basi," akasema, akaegemea kiti. "Basi."

"Mzee, umekula?"

"Nimekula."

Sikubishana. Nilimpokea Nekesa sahani, nikaongeza kunde zangu, nikaiweka kwenye kigoda karibu na goti lake, na chumvi kidogo pembeni. Nikamwondoa mtoto, nikamshukuru jirani. Kisha nikamshika Nekesa mkono, nikamgeuza.

"Mama, tunafanya nini?"

"Tazama ukuta, mwanangu. Huyu hali akitazamwa."

Tukasimama hivyo, wanawake wawili, tukitazama ukuta wa udongo uliopasuka kidogo karibu na dirisha. Kuku akapita. Nekesa alitaka kugeuka, nikamkaza mkono. Nikasikia kiti kinalia. Nikasikia kijiko kinagusa sahani, kinanyamaza, kinagusa tena. Halafu nikamsikia anatafuna, taratibu, kama mtu asiyeharakishwa na yeyote.

Hivyo ndivyo ninavyokumbuka. Zuhura, kama magunia yalikuwa mara nne kwa wiki na mimi nimekupunja, niambie. Chelagat, kama yule mheshimiwa hakuangalia ukuta wa choo bali wa jikoni, sema. Na wewe Barasa, nasema kilikuwa kidole kimoja, lakini huenda kilikuwa kimoja na nusu na ulinificha kwa heshima. Njoo unisahihishe nyumbani. Ugali utakuwepo, na nitakupa mgongo ili ule.